Karibu na Hodi: Adabu ya Mgeni Katika Hifadhi za Taifa

Tangu mwaka 1962, ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, tumezoea kuuorodhesha utamaduni wetu kwa vitu vinavyoonekana na kusikika: ngoma, mashairi, vinyago, mavazi na hadithi za wazee. Orodha hiyo ni njema, lakini imeacha jambo moja ambalo mgeni hulitambua kabla ya kuona ngoma yoyote, nalo ni namna tunavyompokea. Ukarimu nao ni sanaa. Una lugha yake na kanuni zake, na kama sanaa nyingine zote, waweza kutendwa vizuri au vibaya. Katika makala haya tunakusudia kuuhakiki ukarimu wetu mahali pamoja ambapo unapimwa kila siku, yaani katika hifadhi za wanyama. Tutayachunguza maneno na picha tunazozitumia kumwalika mtalii, kisha tutatazama jinsi maneno na picha hizo zinavyomwongoza mgeni anapofika mbele ya mnyama aliye dhaifu. Hoja yetu ni moja: tumemfundisha mgeni neno "karibu" bila kumfundisha neno "hodi", na anayelipa gharama ya upungufu huo ni mnyama.

Neno "karibu" lina maana mbili. Mwenye nyumba husema "karibu" kumruhusu mtu aingie. Na mtu apimaye umbali husema "karibu" kwa maana ya kutokuwa mbali. Katika maisha ya kawaida maana hizi hazigombani, kwa sababu mgeni aliyekaribishwa barazani anajua kwamba hakukaribishwa chumbani. Mpaka hautajwi, lakini upo, na kila aliyelelewa vema anauona. Sasa yatazameni matangazo ya utalii. Humo maana ya pili imeimeza maana ya kwanza. Mgeni huahidiwa kwamba atamwona simba ana kwa ana, kwa ukaribu usiopatikana kwingineko. Picha inayofuatana na ahadi hiyo huwa ni uso wa mnyama ulioijaza karatasi yote, bila nyasi, bila upeo wa macho, bila nafasi yoyote kati ya mtazamaji na mtazamwa. Picha nyingi za namna hiyo hupigwa kwa lenzi ndefu, mpigaji akiwa mbali kabisa. Lakini picha yenyewe haisemi hivyo. Aitazamaye hudhani kwamba mtu alisimama hatua mbili tu kutoka kwa mnyama, naye hufunga safari akitumaini kusimama papo hapo.

Kosa la pili la matangazo hayo ni orodha ya wanyama wakubwa watano: simba, chui, tembo, nyati na faru. Orodha hii hukaririwa na madereva, na waandishi, na hata na wanafunzi, kana kwamba ndiyo sensa ya utajiri wa nchi. Yafaa ikumbukwe kwamba haikutungwa na watunza wanyama. Ilitungwa na wawindaji wa kizungu wa zamani za ukoloni, nao waliwachagua hao watano kwa kuwa ndio waliokuwa wagumu na hatari zaidi kuwawinda kwa miguu. Bunduki imewekwa chini na kamera imeshikwa, lakini hesabu imebaki ile ile: mgeni huja na orodha, huweka alama kwa kila aliyepatikana, na aliyekosa mmoja huondoka akijiona amepunjwa. Huo ni uwindaji bila risasi. Twiga, mbwa mwitu na duma hawamo katika orodha, ingawa wote watatu wamo katika hesabu ya wanyama walio hatarini. Taifa linalopima wanyama wake kwa kipimo cha mwindaji lisishangae likiona wageni wake wakitenda kama wawindaji.

Hapana budi tuseme pia juu ya kazi moja ya sanaa iliyoitangaza Serengeti kuliko nyingine yoyote. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek wa Ujerumani alitoa filamu juu ya hifadhi hiyo, aliyoitengeneza pamoja na mwanawe Michael, ambaye alifariki Januari mwaka huo huo ndege yake ilipoanguka huko huko alikokuwa akihesabu wanyama. Filamu ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Fadhili yake ni kubwa. Iliwafanya watu wa mbali wahesabu uhai wa nyumbu na pundamilia kuwa jambo linalowahusu, na mzee Grzimek aliendelea kuitumikia Serengeti hadi alipofariki mwaka 1987. Lakini mhakiki hana budi kutaja pia kilichokosekana. Mapokeo yaliyojengwa juu ya filamu ile, katika vitabu na filamu nyingi zilizofuata, yanaionyesha nyika kuwa mahali pasipo wenyewe, bustani iliyosahauliwa tangu siku ya kuumbwa. Na mwaka ule ule wa 1959 wafugaji wa Kimaasai walihamishwa kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro. Picha ilipomtoa mwenyeji, ilimtoa pia mtu ambaye mgeni angempigia hodi. Mahali pasipo mwenye nyumba mgeni huingia bila kuuliza.

Je, sisi wenyewe tulisema nini tulipokabidhiwa nyumba hiyo? Septemba mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko juu ya wanyamapori katika mkutano uliofanyika Arusha. Walimu wawaonye wanafunzi wasilichanganye na Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo ni jambo jingine kabisa. Tamko la 1961 ni fupi, lakini mpango wa hoja zake unastahili kusomwa kwa makini. Linasema kwamba wanyama hawa ni chanzo cha mshangao na cha kuamsha fikra, na tena ni sehemu ya mali ya asili na ya maisha yetu ya baadaye. Tazameni utaratibu huo: mshangao umetangulia, riziki imefuata. Aliyeandika hakuidharau riziki. Nchi ilikuwa maskini na kila senti ilihesabiwa. Lakini aliiweka mahali pake, baada ya jambo lililo kubwa kuliko riziki.

Miaka zaidi ya 60 imepita, na tamko hilo limekatwa nusu. Chukueni insha za wanafunzi wa sekondari juu ya umuhimu wa wanyamapori. Karibu zote huanza kwa sentensi moja: wanyamapori ni muhimu kwa sababu huleta fedha za kigeni. Aya ya pili hutaja ajira, aya ya tatu hutaja hoteli, na insha hufungwa kwa kuiomba serikali iongeze idadi ya watalii. Mwanafunzi hana hatia. Ameandika alichofundishwa, na mtahini humpa alama. Wala hakuna uongo katika sentensi zake. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8, na utalii ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha za kigeni. Lakini ukweli uliokatwa nusu hupotosha. Ikiwa sababu pekee ya kumtunza mnyama ni fedha anazoleta, basi kila kanuni inayompunguzia mgeni furaha huonekana kuwa kanuni inayoipunguzia nchi mapato, na siku kanuni na fedha zitakapokutana uso kwa uso, ni wazi ipi itakayopisha njia.

Ili tusibaki katika maneno matupu, tumtazame mnyama mmoja, yaani duma. Duma ndiye mwenye mbio kuliko wanyama wote wa nchi kavu. Akifukuza aweza kufikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Watu wengi wakisikia sifa hiyo hudhani ni mnyama mwenye nguvu. Kumbe ni dhaifu miongoni mwa wala nyama. Mwili wake umeundwa kwa ajili ya mbio fupi za mita mia chache. Hana uzito wa simba wala taya za fisi. Akikamata swala huwa amechoka kiasi kwamba hana budi kupumua kwanza kabla ya kula, na mara nyingi fisi au simba humfikia na kumnyang'anya. Kwa sababu hiyo huwinda zaidi mchana, wakati maadui zake wamelala. Mama huwalea watoto peke yake kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, na katika majuma ya kwanza huwaficha majanini na kuwahamisha mara kwa mara ili harufu isiwafichue.

Maisha ya watoto hao yana hatari tele hata pasipo binadamu. Utafiti uliofanywa katika nyika za Serengeti na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 waliozaliwa, kama 95 walikufa kabla ya kujitegemea, wengi wao wakiuawa na simba. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yaliweka idadi ya duma waliobaki duniani kote kuwa kama 7,100 tu. Hivyo basi mama wa duma anaishi kwa hesabu finyu sana: swala mmoja aliyekoswa, au saa moja ya kuwaacha watoto peke yao, yatosha kuharibu uzao mzima.

Katika hesabu hiyo finyu ndimo tunamoingiza gari la kwanza, kisha la pili, kisha la kumi. Mchana ndio wakati wa duma kuwinda. Mchana ndio wakati wa mtalii kutembea. Magari yanapomzunguka, swala humwona mapema au duma huacha kuwinda kabisa. Yanapomfuata, hubadili njia na kuwaacha watoto. Yanapojikusanya, fisi nao hujifunza kwamba kusanyiko la magari ni dalili ya kitoweo. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika Masai Mara nchini Kenya, upande wa kaskazini wa nyika ile ile ya Serengeti. Katika maeneo yenye watalii wachache, mama wa duma alifanikiwa kulea kwa wastani watoto 2.3 wa kila uzao hadi kujitegemea. Katika maeneo yenye watalii wengi wastani ulikuwa 0.2. Watafiti hawakuona gari likimkanyaga mtoto hata mmoja. Hakuna aliyekusudia kuua. Watu walikuja kutazama tu, na inaelekea kwamba kule kutazama kwenyewe, kulipokosa kiasi, kulimbadilishia mama mwenendo wake hata uzao ukapungua.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Maana yake ni kwamba huwezi kumzuia mtu kuona kilicho mbele yake. Methali hii ni ya kweli, lakini isitumiwe kama udhuru. Macho hayana pazia, lakini miguu ina breki, na gari lina breki zaidi. Kinachomdhuru duma ni mwili wa mtazamaji, uliosogezwa mahali usipostahili kuwapo na kukaa hapo kwa muda usiostahili. Kwa sababu hiyo kanuni za Serengeti humkataza dereva kuacha barabara na humkataza mgeni kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa. Na kanuni za Masai Mara husema magari yasizidi matano mbele ya mnyama mmoja. Kanuni si mbaya. Lakini Julai mwaka 2025 zilisambaa duniani picha za wageni walioshuka magarini kwenye ukingo wa Mto Mara, ndani ya Serengeti, wakasimama katika njia ya nyumbu waliotaka kuvuka. Nyumbu wamesafiri mamia ya kilomita kufuata majani na maji, wamefika mtoni penye mamba, na mbele yao wanakuta ukuta wa watu walioinua simu. Picha hizo ziliwakasirisha wengi, na wahusika wa hifadhi walitoa kauli. Sisi twauliza swali la mhakiki: je, watu wale walikuwa wakifanya jambo lolote ambalo tangazo halikuwaahidi?

Mtu aweza kudhani kwamba utalii hauwezi kuwa na adabu kwa namna yoyote, na kwamba tunapendekeza milango ifungwe. Sivyo. Twende magharibi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, tuone mfano ulio bora zaidi. Katika hifadhi za Gombe na Mahale, mkoani Kigoma, wageni huenda kuwatazama sokwemtu kwa miguu. Huko nako ukaribu ulianza kwa kukosa kiasi. Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 na kufariki mwaka 2025, ndiye aliyeufunulia ulimwengu kwamba sokwemtu hutengeneza na kutumia zana. Lakini katika miaka ile ya mwanzo sokwemtu walivutwa kambini kwa ndizi, na baadaye ikaonekana kwamba ndizi hizo ziliwakusanya mahali pamoja na kuwazidishia ugomvi. Mwaka 1966 ugonjwa mfano wa polio uliwalemaza na kuwaua baadhi yao. Na mwaka 2006 huko Mahale ulizuka ugonjwa wa mapafu ulioua sokwemtu kadhaa wa kundi lile lile wanalotembelewa na wageni; uchunguzi ulikuta virusi vyenye nasaba na vile vya binadamu. Sokwemtu ni jamaa yetu wa karibu mno kimaumbile, hata mafua yetu madogo huweza kuwa tauni kwake.

Matokeo yake ni kanuni ambazo kila mwanafunzi wa Tanzania angefaa kuzijua kwa moyo. Huko Mahale kundi la wageni halizidi watu 6. Muda wao mbele ya sokwemtu ni saa 1. Umbali ni mita 10, na sokwemtu akisogea, mgeni ndiye arudiye nyuma. Mgeni huvaa barakoa. Kanuni hizi nne zinagusa mambo manne: idadi, muda, umbali na pumzi. Aliyelipa nauli ya ndege kutoka Ulaya au Marekani, akapanda mashua na kukwea mlima, hupewa saa moja tu. Nayo ikiisha huambiwa kwa upole kwamba yatosha. Wala hatusikii kwamba wageni wameacha kwenda kwa sababu hiyo. Kinyume chake, saa ile moja huwa na thamani kwa sababu ina mwisho, kama shairi lenye vina na mizani lilivyo na nguvu kwa sababu mtunzi amejifunga.

Kanuni za Mahale zina lugha yetu ndani yake, ingawa waliozitunga walikuwa wakifikiria virusi. Kwa ada ya pwani, ambayo sasa ni ada ya nchi nzima, mgeni hafungui mlango. Husimama nje akapiga hodi. Asipojibiwa hupiga tena. Akipiga mara ya tatu kimya, hurudi alikotoka, wala haoni haya wala haoni kwamba ameonewa. Mwenye nyumba ana haki ya kutokujibu. Hodi ndiyo pazia ambalo macho hayakupewa. Na mnyama naye hujibu hodi, ila kwa lugha yake. Duma anayeendelea kulala amekaribisha. Duma anayeinua kichwa na kulikazia gari macho amesema "subiri". Duma anayeinuka na kuondoka, au mama anayeita watoto, amesema "leo sipo". Dereva mzoefu anaisoma lugha hiyo kuliko mtu yeyote. Pengine anaisoma kuliko mtaalamu aliyefika jana. Swali ni kama amepewa ruhusa ya kuitii.

Hapa tusijidanganye. Wako wanaosema kwamba babu zetu walikuwa wahifadhi wakamilifu, na kwamba uharibifu wote ulikuja na mgeni. Babu zetu waliwinda, walichoma nyika, na tena waliuza pembe. Hadithi zetu za sungura na fisi hazikutungwa ili kulinda wanyama. Zilitungwa ili kuwacheka wanadamu. Lakini hadithi hizo hizo ziliwapa wanyama jambo ambalo tangazo la leo limewanyang'anya, nalo ni nafsi. Fisi wa hadithi ana tamaa zake, sungura ana hila zake, simba ana kiburi chake. Kila mmoja ana nyumba, ana njaa, ana shughuli inayomngoja. Koo nyingi nchini zilikuwa na mnyama wao wa mwiko, asiyeliwa wala kuuawa, kwa kuwa alihesabiwa kuwa jamaa. Mtu aliyekuzwa katika fikra hizo aweza kumwinda mnyama, lakini hawezi kumdhania kuwa ni pambo lililowekwa barabarani kumngoja yeye.

Tutajibiwa kwamba fedha za watalii ndizo zinazowalipa askari wanaowazuia majangili, na kwamba mwaka 2020, gonjwa la UVIKO-19 lilipowazuia wageni, hifadhi zilionja ukata. Jibu hilo ni la haki, nasi hatulikatai. Lakini fedha hazina budi kuwa mtumishi wa adabu. Zipo jitihada za kupunguza msongamano kwa bei: mwaka 2024 kiingilio cha mgeni asiye mkazi huko Masai Mara kilipandishwa hadi dola 200 kwa siku kwa miezi ya Julai hadi Desemba. Bei yaweza kupunguza idadi, lakini haichagui wenye adabu. Huchagua wenye fedha. Zaidi ya hayo, aliyelipa ghali huweza kudai zaidi. Huenda akasema moyoni mwake kwamba kwa dola zile amenunua haki ya kusogea. Hivyo bei pasipo hodi huweza kuzidisha ugonjwa uliokusudiwa kuponywa.

Mtu aliye katikati ya jambo hili ni dereva. Mgeni ana siku tatu tu, amekuja na orodha, amelipa ghali. Kampuni inataka sifa njema. Bahashishi ya dereva, ambayo pengine ni ada ya shule ya mtoto wake, hutegemea furaha ya mgeni jioni. Redio inasema duma ameonekana karibu na jabali fulani, na magari kumi na matano yanakwenda huko. Dereva atakayesimama mbali na kumwambia mgeni "tumngoje awinde kwanza" amejihatarisha peke yake kwa ajili ya taifa zima. Si haki kumwachia mzigo huo. Ndiyo maana twasema kwamba utaratibu wa hifadhi hauna budi kumbeba: kuhesabu magari mbele ya mnyama na kuweka zamu, kufunga kwa muda maeneo ambako duma wamezaa, kumfundisha mgeni langoni, kabla hajaingia, kwa maneno machache yaliyo wazi, na kumpa adhabu anayevunja kanuni, awe mgeni au kampuni, bila kutazama cheo. Dereva akiweza kusema "kanuni hairuhusu, na jirani yangu naye hairuhusiwi", amepata ngao. Heshima si utumwa, lakini heshima isiyolindwa na sheria humfanya mwenye heshima kuwa mjinga wa kijiji.

Sheria nayo haiwezi kumfuata kila dereva nyikani. Eneo la Serengeti ni kilomita za mraba 14,763. Hakuna idadi ya askari iwezayo kusimama nyuma ya kila kichaka. Mahali asipofika askari panalindwa na malezi tu, na malezi ni kazi ya utamaduni. Ndiyo maana jambo hili linastahili kuwamo katika kitabu cha utamaduni wa taifa, wala lisiachiwe wizara moja yenye magari na bunduki.

Basi tuwageukie walimu na wanafunzi, ambao kwa ajili yao tumeandika. Kwanza, mwalimu anapotoa insha juu ya wanyamapori, aikataze sentensi ya fedha za kigeni isiwe ya kwanza. Iruhusiwe, lakini aya ya tatu au ya nne. Mwanafunzi alazimike kuanza kwa kumweleza mnyama: anakula nini, anamwogopa nani, analeaje watoto, saa ngapi za siku anahitaji kuachwa peke yake. Pili, darasa lichukue tangazo moja la utalii, lilihakiki kama linavyohakiki shairi: nani anasema, nani amenyamazishwa, umbali uko wapi, mwenyeji yuko wapi. Tatu, sisi tunaotunga mashairi tujisahihishe. Beti zetu za kuisifia nchi zimejaa mlima, ziwa na mbuga, na wanyama wamepangwa humo kama vyombo kabatini. Mtunzi atakayeandika juu ya duma amngojee duma mpaka ajue kile asichokijua juu yake.

Nne, na hili ni kwa watakaokuwa madereva, wapishi wa kambi, askari na wahifadhi kesho: jifunzeni kumweleza mgeni neno "hodi" pamoja na neno "karibu". Wageni wengi hujifunza maneno machache ya Kiswahili, nao huyapenda. Tuwape na hili. Mwambieni kwamba katika nchi hii mtu hubisha, husubiri, na hukubali kurudi. Na kwamba huku nyikani mwenye nyumba ni yule mwenye madoa, aliyelala kivulini na watoto wake. Mgeni mwungwana ataelewa mara moja, maana kwao nako pana milango. Na asiyeelewa aelezwe na sheria.

Nchi yaweza kuwa na hifadhi zaidi ya 20, kama ilivyo yetu, zikawa kubwa na zenye sifa duniani kote, na bado ikapoteza kile kilichohifadhiwa. Kuhifadhi, kwa Kiswahili, ni kutunza kitu kisipotee. Tena ni kukiweka moyoni, kama mtoto ahifadhivyo somo la chuoni. Kazi ya kwanza tumeipa mipaka, malango na askari. Ya pili haina askari. Ni ya nyumba na shule, na mtoto asiyeipata huko hataipata langoni akiwa na usukani mkononi.